Joto la Februari, Radi za Machi: Tunza Udongo Kabla Mvua Haijashuka

Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo katikati ya Machi jua la adhuhuri huwa karibu juu ya utosi. Wiki zinazotangulia ndizo kali zaidi katika mwaka: mchana wa Februari hufikia nyuzi 27 au 28, na siku nyingine hukaribia 30. Joto hilohilo huinua hewa yenye unyevu, mawingu yakajengeka alasiri, na jioni radi ikaanza. Mkulima anayengoja wingu ndipo ajitayarishe amechelewa, kwa maana hasara nyingi za mvua ya kwanza huanzia kwenye udongo ulioachwa ukauke wakati wa jua.

Tazama nyanya. Udongo ukikaa mkavu wiki mbili, ngozi ya tunda hukakamaa. Mvua ya milimita 40 ikishuka jioni moja, mizizi hunywa kwa pupa, nyama ya ndani hufura na ngozi hupasuka. Umwagiliaji wa kukatizakatiza huleta pia kuoza kitako: madini ya kalisi (kalsiamu) husafiri ndani ya mmea pamoja na maji, na maji yakikatika tunda changa huikosa hata kama imejaa ardhini. Kununua kalisi ya kupuliza kabla ya kurekebisha umwagiliaji ni kutupa pesa.

Mboga zilizofunika kitanda hupoteza takriban milimita 5 za maji kwa siku katika joto hili. Milimita 1 kwenye mita moja ya mraba ni lita 1, hivyo kitanda cha mita 1 kwa 10 kinahitaji lita 50, yaani mitungi miwili na nusu ya lita 20. Mwagilia asubuhi mapema, kwenye shina, si juu ya majani. Kabla ya kumwaga, chimba sentimita 15 ufinye udongo: ukishikana, ngoja hadi kesho.

Kisha tandaza nyasi kavu zisizo na mbegu, unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha upana wa vidole vinne kuzunguka shina. Hakuna kazi ya bei nafuu inayolipa kama hii. Nyasi huzuia maji yasikauke, na mvua ikija huvunja nguvu ya matone yasirushe matope kwenye majani ya chini. Matope hayo hubeba vimelea vya ukungu.

Wenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama Ruai, Kamulu na Kitengela, wana kazi ya ziada. Ukikauka hufanya nyufa, na maji yote hupotelea humo. Palilia juujuu uzizibe. Ukilowa hushikilia maji hadi mizizi inakosa hewa. Inua matuta ya sentimita 30 na uchimbe mitaro ya kutoa maji sasa, maana baada ya mvua mbili jembe halitoki humo.

Dawa usipulize adhuhuri, kwani huunguza majani, wala jioni yenye wingu zito, kwani huoshwa. Jua kali huleta utitiri mwekundu, basi kagua chini ya majani. Mvua zikianza, hatari hugeuka kuwa bakajani chelewa, ugonjwa unaoozesha majani na matunda: kata majani yanayogusa ardhi, funga mimea kwenye vigingi, na dawa ya kinga ipulizwe kabla ya madoa kuonekana, ukiheshimu siku za kungoja kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye pakiti.

Kuku wa mayai chini ya mabati huteseka kuliko mazao. Kuku hatoi jasho; huhema. Kuhema sana hutoa hewa ya ukaa mwilini, damu hupungukiwa na madini yanayojenga ganda, na mayai hutoka na ganda jembamba. Kuongeza chokaa kwenye chakula hakutoshi banda likiwa bado moto. Paka mabati chokaa nyeupe kwa juu, acha pande zenye wavu wazi, na usizidishe kuku 5 au 6 kwa mita ya mraba. Chakula kitolewe alfajiri na jioni, kwa kuwa kumeng'enya huzalisha joto. Kuku 100 hunywa takriban lita 25 siku ya kawaida. Siku ya joto kali tenga lita 50, na tangi liwe kivulini. Weka turubai la kushusha upande unaopigwa na mvua, maana maranda yakilowa huleta kuharisha damu.

Ukiona umeme, hesabu hadi ngurumo. Ikiwa ni chini ya sekunde 30, acha kazi, ingia ndani ya nyumba au gari, ukae dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Usijikinge chini ya mti, wala usiache ng'ombe amefungwa kwenye ua wa waya.

Mvua ya radi ya kwanza si ishara ya kupanda mahindi. Mara nyingi hufuatwa na siku kavu zinazoua miche. Fuatilia utabiri wa siku 7 wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, kisha chimba: unyevu ukifika sentimita 20 na utabiri unaonyesha mvua zaidi, panda. Ukiishia sentimita 5, mbegu ibaki ghalani.