Pima nafasi yako ya MBA kabla ya kulipa ada ya maombi

Ada ya maombi ya MBA, shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, kwa Harvard au Stanford huzidi dola 200, na ukikataliwa hairudi. Ukiomba vyuo vitano kwa kubahatisha, umepoteza pesa ambazo vijana wengi wa Nairobi wangelipia kodi ya nyumba kwa miezi kadhaa. Kazi yangu ni kuwasaidia watu kuandaa maombi haya, na huwa sikubali tuanze insha kabla hatujamaliza hatua hizi.

Hatua ya 1: Linganisha alama zako na darasa lililoingia

Vyuo vikubwa huchapisha takwimu za kila darasa jipya. Tafuta alama ya katikati ya GMAT, mtihani wa kuombea vyuo vya biashara, yaani ile iliyogawa darasa nusu juu na nusu chini. Ila hakikisha ni mtihani upi. GMAT ya zamani, iliyokoma mapema 2024, ilikuwa na alama 200 hadi 800, zote zikiishia na 0. Ya sasa ni 205 hadi 805, na zote huishia na 5. Kwa hiyo tazama tarakimu ya mwisho. Mwenye 645 akikuta chuo kimeandika 700 hudhani ameachwa mbali, kumbe wako bega kwa bega.

Ukiwa chini ya katikati kwa alama 10 au 20, endelea. Ukiwa chini kwa 60, mimi ningerudia mtihani kwanza.

Hatua ya 2: Soma transkripti yako kwa macho ya mgeni

Katika vyuo vyetu vingi A huanzia 70, na mwenye 67 ameshika daraja la pili la juu, jambo la kujivunia. Mmarekani asiyejua mfumo wetu akiona 67 anaweza kudhani uliponea chupuchupu. Usijigeuzie alama kwenda mfumo wao isipokuwa chuo kimekuagiza. Vyuo vingi vinataka alama kama zilivyotolewa. Hakikisha tu maelezo ya madaraja yameambatana na transkripti. Kisha angalia masomo ya takwimu, hesabu na uchumi. Kama hapo kuna C, sehemu ya hesabu ya GMAT ndiyo itakayokutetea.

Hatua ya 3: Jipime na wanaofanana nawe

Hapa ndipo wengi hujidanganya, kwa hiyo usiharakishe. Stanford huchukua wanafunzi 400 na ushei kwa mwaka, Harvard 900 na ushei, kutoka dunia nzima. Asilimia ya wanaokubaliwa ni ya umati wote, haikuelezi wewe. Msomaji wa maombi amekwisha kuona wahasibu wa kampuni za ukaguzi za Nairobi, maafisa wa benki za Upper Hill na wajuzi wa malipo ya simu. Anachotafuta ni kile ambacho wewe ulikifanya na jirani yako wa dawati hakukifanya.

Chukua wasifu wako, ufute jina la mwajiri na cheo. Soma kilichobaki. "Nilisimamia mikopo ya wafanyabiashara wadogo" inaweza kuandikwa na kila afisa mikopo nchini. "Nilibuni namna ya kuwakagua wenye vibanda vya Gikomba wasio na vitabu vya hesabu, tawi likaanza kuwakopesha" ni ya mtu mmoja. Ukipata mistari mitatu ya aina hii, una nafasi ya kweli hata alama zikiwa za kawaida. Usipopata hata mmoja, 700 na ushei haitakubeba, na ni afadhali usubiri mwaka mmoja ukiwa kazini ukitafuta jukumu zito.

Hatua ya 4: Wapendekezaji

Hawa ndio watakaokuandikia barua za mapendekezo. Mkuu wako wa karibu anayejua kazi yako humshinda mkurugenzi anayejua jina lako tu. Kama huna wawili wa namna hiyo, shusha makadirio yako.

Hatua ya 5: Panga vyuo kwa mafungu

Fungu la ndoto, fungu la sawa kwa sawa, na fungu la uhakika zaidi. Weka angalau viwili katika fungu la kati. Humo ndimo wengi hupatia. Usisahau unachokwenda kutafuta. INSEAD, chuo cha biashara cha Ufaransa, humaliza MBA kwa miezi 10, na inamfaa anayejua anakoelekea. Anayetaka kuhama kutoka benki kwenda sekta ngeni kabisa huhitaji miaka miwili ya Harvard au Stanford, yenye likizo ndefu ya kufanya mafunzo kazini.

Mwisho, tarehe. Kwa vyuo vingi vya Marekani raundi ya kwanza ya maombi hufungwa Septemba, ya pili mwanzoni mwa Januari, ya tatu karibu na Aprili. Unayehitaji viza na ufadhili, iache raundi ya tatu: viti na pesa huwa vimekwisha kugawanywa kwa sehemu kubwa, na miezi ya kushughulikia viza ni michache. Kama hatua ya 3 haijakaa sawa kufikia Agosti, lenga Januari.