Barua ni hodi: kutafuta wateja wa kazi za kodi mtaa kwa mtaa

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Niliahidi kuwaeleza nyinyi washauri wa kodi wenzangu wa Zanzibar namna ninavyopata wateja kwa barua. Siyo barua pepe, nasema karatasi ndani ya bahasha. Wengi mlicheka. Na mimi mwaka wa mwanzo nilichekwa, tena kwa haki, kwa sababu nilianza kwa kuharibu.

Nilichapisha barua zaidi ya mia moja, nikazitia kwenye bahasha za kaki, juu yake nikagonga muhuri wa ofisi kwa wino wa buluu. Nyengine nilizipeleka posta, nyengine nikampa kijana azigawe Mchangani na Darajani. Siku ya pili akanipigia simu muuza vitambaa mmoja, sauti inamtetemeka: "Nadaiwa ngapi?" Alipoiona kaki na muhuri hakuifungua. Alifunga duka adhuhuri, alasiri hakufungua, akaenda kwa kaka yake kutafuta fedha. Na zile za posta, wengi masanduku yao wanayachungulia mara moja kwa mwezi, na wengine sanduku lenyewe ni la marehemu baba, ufunguo haujulikani ulipo.

Basi nilifahamu kwamba barua kwa mtu asiyekujua ni hodi, na hodi ina adabu zake. Nifanyavyo sasa ni hivi.

Hatua ya kwanza: mtaa mmoja, mzigo mmoja

Usiwaandikie "wafanyabiashara wote". Waandikie wauza vitambaa wa Mchangani, au wenye nyumba za wageni Paje na Jambiani, au wa vifaa vya ujenzi Mwanakwerekwe. Kila kundi lina linalomkosesha usingizi, na barua yako izungumzie hilo tu.

Hapa kwetu mzigo mkubwa ni huu wa milango miwili. ZRA, ile Bodi ya Mapato ya Zanzibar ya zamani iliyogeuzwa Mamlaka mwaka 2022, inakusanya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida huku ni asilimia 15 wakati Bara ni 18, pamoja na ushuru wa hoteli na mengineyo yasiyo ya Muungano. TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, inakusanya kodi ya mapato, ile inayokatwa kwenye mishahara, na forodha. Mtu ana cheti cha ZRA ukutani, risiti anatoa, moyo umetulia. Kumbe mlango wa pili hajaugusa miaka miwili, ritani ya kodi ya mapato, ile taarifa ya hesabu za mwaka, hajui hata ikoje. Si mkwepaji huyu, ni mtu aliyedhani kulipa ni kulipa. Mteja wenu mzuri ni huyu.

Hatua ya pili: orodha kwa miguu

Chukua daftari, tembea. Andika jina la duka kama lilivyo kwenye bango, kisha kaa kwenye baraza ya kahawa uulize mwenyewe anaitwaje. Bango linaweza kusema "Al-Barakah Stores" na mtaa mzima unamwita Maalim. Bahasha iwe na jina lake, si "Meneja Mkuu". Kwa upande wa utalii, kuna jumuiya kama ZATI ya wawekezaji na ZATO ya watembeza wageni. Ukiwa na mtu humo atakuonesha pa kuanzia.

Ila usimwendee jamaa yako aliyeajiriwa kwenye mamlaka ya kodi akupe orodha ya wanaodaiwa. Taarifa za mlipakodi ni siri, na tangu 2022 ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mbali na sheria, huyo utakayemwandikia atajiuliza umejuaje, na jibu litamfanya asikuamini maisha.

Majina arobaini yanatosha. Mimi sipeleki zaidi ya hapo kwa mkupuo mmoja, kwa sababu ya hatua ya sita.

Hatua ya tatu: barua yenyewe

Bahasha nyeupe. Muhuri usiuguse. Ukurasa mmoja, nusu yake ikiwezekana. Hii ni ile niliyowapelekea Mchangani mara ya pili:

*Maalim, Assalaam alaykum.*

*Mimi si mtumishi wa ZRA wala TRA, na barua hii si ya deni. Ni mshauri wa kodi, ofisi yangu ipo Mlandege, juu ya duka la viatu.*

*Wenye maduka wengi mambo yao ya ZRA yamekaa sawa, lakini ritani ya kodi ya mapato ya TRA huwapita kwa kudhani ni kitu kimoja. Kwa anayefunga hesabu zake Disemba, mwisho wa kuiwasilisha ni tarehe 30 Juni.*

*Ukipenda, nitakuja dukani nusu saa, nitazame karatasi zako nikwambie ipi ipo na ipi haipo. Nusu saa hiyo hailipiwi.*

*Nitapita Jumatano ijayo baada ya sala ya alasiri. Ukiwa na shughuli, nitumie neno moja tu, "baadae", kwa namba iliyopo chini.*

Chini ni jina, namba ya usajili wangu wa ushauri wa kodi, na simu. Basi.

Sentensi ya "mimi si mtumishi" ndiyo inayofungua mlango; nilipoiweka, simu za khofu zilikoma. Na angalieni, sikumwomba afanye kitu. Nimesema nitapita. Mtu wa duka hana nafasi ya kukutafuta wewe, ila ukisema Jumatano na ukaja Jumatano, umeshampa kipimo cha kazi yako kabla hajakulipa senti.

Usiandike "nitakupunguzia kodi". Hujaziona hesabu zake, utajuaje? Na kwa aliyesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, kujitangaza kwa ahadi za kupita kiasi au kuponda wenzako ni kinyume cha maadili ya taaluma. Usiandike pia "nimeona mzigo mpya ukishushwa dukani kwako". Mwenzetu mmoja aliandika hivyo akidhani anaonesha ukaribu. Nani anataka mtu wa kodi anayehesabu marobota yake?

Wenye hoteli wageni waandikieni kwa lugha yao, na msimsahau mtunza hesabu aliyepo pale. Barua kwanza inasomwa na yeye, na akihisi unakuja kumnyang'anya kazi itaishia kwenye droo. Mimi huweka mstari mmoja: "Hesabu za kila siku zibaki kwa mtu wenu, mimi nashughulika na ritani tu."

Hatua ya nne: wakati

Makadirio ya kodi ya mapato hulipwa kwa awamu nne, na kwa anayefuata mwaka wa kalenda ni 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Disemba. Mimi barua zangu kubwa hutoka Aprili na Mei. Masika mvua inanyesha, Paje kimya, mwenye hoteli yupo na anatafuta wa kuzungumza naye. Ukimpelekea Julai wageni wamejaa, hata salamu haitiki vizuri.

Kumi la mwisho la Ramadhani kaeni nyumbani. Watu wananunua nguo za sikukuu, hakuna duka linalosoma barua. Ijumaa pia iacheni. Siku nyengine, saa tatu mpaka saa tano asubuhi.

Hatua ya tano: mpelekaji

Peleka mwenyewe, au mtume kijana anayejulikana mtaa huo. Asimsainishe mtu daftari! Saini na kodi vikikutana, khofu inarudi. Atie alama kwenye daftari lako akishatoka nje.

Hatua ya sita: hodi tatu

Hodi hubishwa mara tatu, usipoitikiwa unarudi zako. Barua ya mwanzo ni moja. Kupita kwako siku uliyosema ni ya pili. Ukimkuta ana wateja, msalimie, sema "ni mimi wa barua", ondoka. Ya tatu ni barua fupi ya mistari mitatu baada ya wiki mbili, inayokumbusha tarehe. Zaidi ya hapo ni kero, na mtaa una midomo. Ndiyo maana nikasema arobaini: barua mia nne utazigawa, lakini milango mia nne hutaipita.

Hatua ya saba: hesabu

Ukiandika barua za namna mbili, weka alama ndogo pembeni ya kila moja, A au B, ujue ipi imekuletea mtu. Mchangani barua arobaini ziliniletea wateja watatu. Karatasi, bahasha na nauli havikufika ada ya mwezi mmoja ya mmoja wao.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Wete): Mwalimu, Pemba tunajuana wote. Nikimpelekea barua jirani yangu ataniona nimejidai. Nifanyeje?

Jibu: Kweli, Wete barua iliyochapishwa ni kama kumpa mtu kadi ya mwaliko wakati mnasali safu moja. Andika kwa mkono, chache, kumi hivi. Na usiwalenge wakulima wa karafuu, wao wanauza ZSTC, shirika la biashara la serikali, na hesabu zao ni nyengine. Lenga maduka yanayouza sana fedha ya karafuu inapoingia mtaani: bati, saruji, pikipiki. Wafikie msimu ukishapoa, mtu anajiuliza fedha zimekwenda wapi.

Swali (Fuoni): Kaka, kwa nini nisitume WhatsApp tu? Ni bure.

Jibu: Ni bure kwa kila mtu, ndiyo maana simu ya mwenye duka ina matangazo mia ya viwanja. Iache WhatsApp iwe ya kujibiwa.

Swali (Amani): Mimi ni binti, ndiyo kwanza nimemaliza chuo na nafanya kazi chini ya ofisi iliyosajiliwa. Naona haya kuingia maduka ya wazee.

Jibu: Dada yangu, barua imekutangulia, hutaingia kama mgeni. Lakini kwa nini uanze kwa wazee? Saluni, wapambaji wa harusi, wapishi wa shughuli, washonaji: kina mama hawa wana biashara kubwa na hakuna anayewaandikia. Sisi wanaume milango hiyo mengine hata hatuingii. Andika jina la ofisi iliyosajiliwa chini ya barua, usiandike lako peke yake.

Swali (Chake Chake): Nimepata mteja kwa barua, lakini anataka "nizungumze na watu" deni lipungue.

Jibu: Mwambie utazungumza nao kwa barua ya pingamizi, yenye vielelezo, ndani ya muda wa sheria. Akikataa, mrudishie karatasi zake siku hiyo hiyo.

Swali (Mombasa, Unguja): Na yule wa bahasha ya kaki, alikuja kuwa mteja?

Jibu: Hapana. Ila nikipita anamwambia msaidizi wake, "Ficha leja, anakuja", kisha anaagiza kahawa vikombe viwili. Wateja wawili katika wale watatu wa Mchangani ni yeye aliyewaleta.