Kukagua breki za upepo kabla ya kushuka Kitonga

Ukitoka Iringa na lori lenye tela kuelekea Dar es Salaam, kagua breki kabla hujaufikia mteremko wa Kitonga. Simama mahali tambarare na uweke kabari kwenye magurudumu kabla mtu yeyote hajaingia chini ya gari.

Jaza upepo mpaka kompresa ikate, zima injini, achia hendibreki, kisha kanyaga pedeli na uishikilie. Mshale wa geji ya upepo ukishatulia, uutazame kwa dakika 1: ukishuka zaidi ya bari 0.3, upepo unavuja, na utingo asikilize kwenye viungio vya hosi nyekundu na ya njano zinazopeleka upepo kwenye tela. Baada ya hapo washa swichi bila kuwasha injini, ukanyage na kuachia mara kwa mara. Taa na kengele ya onyo zisipoamka kabla upepo haujashuka chini ya bari 4, safari isiendelee.

Madereva wengi huridhika wakiona geji imejaa, nami naona hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu geji hupima upepo wa mtungini tu, haipimi umbali uliopo kati ya brekishuu na dramu, yaani ngoma ya gurudumu ambayo brekishuu huibana kwa ndani. Dramu ikipata moto hutanuka na kuzidi kuwa mbali na brekishuu, hata rodi ya chemba, yaani fimbo ya chuma inayosukumwa na upepo ili kukaza breki, ikafika mwisho wa safari yake huku lori bado linakimbia. Kwa hiyo, hendibreki ikiwa imeachiwa, piga alama ya chaki kwenye rodi pale inapotokea kwenye chemba, kisha uivute kwa mkono. Ikisogea zaidi ya sentimita 2.5 hivi, breki hiyo inahitaji fundi. Kama ni ya kujirekebisha yenyewe, usiikaze tu ukaondoka, bali itafutwe sababu. Chemba ya springi, ile ya hendibreki, usiifungue kamwe, maana springi iliyobanwa humo ina nguvu ya kuua.

Gia nzito uichague ukiwa bado juu, wala usiteremke kwa nyutro. Kasi ikifikia kikomo ulichojiwekea, kanyaga kwa uthabiti mpaka ipungue kama kilomita 8 kwa saa, kisha achia kabisa. Ukisimama Ruaha Mbuyuni na dramu bado zinanuka moto, zuia lori kwa gia na kabari, na hendibreki uivute zikishapoa.