Uvimbe baada ya dawa ya maumivu
Aliyewahi kuvimba kope au midomo, kuwashwa mwili mzima au kubanwa kifua baada ya kumeza aspirini, asidhani kwamba ibuprofeni au diklofenaki itakuwa salama kwake, kwa sababu dawa hizi, ingawa majina ni tofauti, huzuia kimeng'enya kilekile mwilini, na mara nyingi kuzuiwa huko ndiko huchochea madhara hayo. Wenye pumu pamoja na vinyama puani wajihadhari zaidi. Tafadhali soma hata maandishi madogo kwenye pakiti ya dawa ya mafua, kwani baadhi zimechanganywa na ibuprofeni. Andika jina la dawa iliyokudhuru, umwonyeshe daktari kabla hujachomwa sindano yoyote ya maumivu. Ulimi ukivimba au pumzi ikibana, kimbilia hospitali papo hapo.