Mbuzi wako ana mimba: ya kuzingatia ili kitoto kisizaliwe na woga

Mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi, na mwezi na nusu wa mwisho ndio wa kuchunga. Maji safi, majani ya kutosha, pumba kidogo, banda lisilovuja masika: hayo unayajua. Kukata kwato na kazi zote za kumkamata kwa nguvu zimalize mapema. Chanjo ikiwa imepangwa wiki 4 kabla ya kuzaa, adungwe humo humo bandani, ashikwe na mtu anayemzoea. Usimburure kwa pembe.

Mama akiogopa, damu yake hupanda kotisoli, homoni ya mfadhaiko. Kondo la nyuma huivunja sehemu kubwa isimfikie mwana, lakini hofu ikiwa ya siku nenda siku rudi, nyengine hupenya wakati ubongo wa mwana ndio kwanza unajengeka. Kwa panya wa maabara hili limeonekana mara nyingi: watoto wa mama aliyefadhaishwa akiwa na mimba hushtuka upesi na hukawia kutulia.

Kwa hiyo usimpakie chomboni mbuzi mwenye mimba pevu kumtoa Pemba kumpeleka Unguja. Mlete mapema au subiri azae. Usimfunge kamba mahali panapopita mbwa, maana aliyefungwa huona hatari na hana pa kukimbilia. Ramadhani ikiangukia mwezi wake wa mwisho na ngoma za daku hupita ubavuni mwa banda, mhamishe wiki kadhaa kabla, pamoja na mwenziwe. Mbuzi wa peke yake hatulii.

Pa kuzalia patoshe mita 1.5 kwa 1.5, nyasi kavu, na awaone wenzake. Akizaa, mwache alambe. Kitoto kikiondolewa pale pale na kukaa mbali saa moja, mama anaweza kukikataa. Wakiachwa pamoja hata dakika 5 kwanza, kwa kawaida hukipokea kikirudishwa. Kitovu kichovye aidini. Dang'a, yaani maziwa ya mwanzo ya mama, inywewe ndani ya saa 6 za mwanzo. Kitoto cha kilo 2.5 kinahitaji kiasi cha robo lita siku ya kwanza.

Wengi hufika hapa wakapumua, na hapa ndipo panapoharibika. Mwaka 2014 Jacek Debiec na Regina Sullivan walichapisha utafiti wa panya majike waliofundishwa kuogopa harufu ya peremende: kila ilipokuja, walipigwa shoti ndogo ya umeme. Hayo yalifanywa kabla hawajashika mimba. Walipozaa, wakaletewa harufu ile ile, safari hii bila shoti. Mama waliogopa, na vitoto ambavyo havijawahi kuumizwa vikajifunza kuiogopa peremende. Tena haikuwa lazima mama awepo: hewa yenye harufu ya mama aliyeogopa, ikipitishwa pamoja na peremende, ilitosha. Amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu, ilipozimwa kwa dawa, vitoto havikujifunza.

Panya si mbuzi, sawa. Lakini mfugaji mwenye busara hangoji kitoto chake kithibitishe. Kabla mama hajazaa, chunguza anaogopa nini: mabuti, fimbo, ndoo ya bati, sauti ya mtu fulani. Kisha mzoeshe. Kila jioni chuchumaa karibu naye dakika 10, pumba mkononi, usimkamate, mpaka aje mwenyewe. Kisichozoeleka kisiingie bandani wiki za mwanzo za kitoto. Mama akihitaji sindano baada ya kuzaa, kitoto kiwekwe nje ya banda, upande upepo unakotoka, kwa dakika chache tu. Kirudi mama akishaacha kuhema na kuanza kula. Ukikishika kitoto chenyewe, kishike mama akiwa anakula kwa utulivu, si akiwa anakulilia.

Watoto wa jirani wasipokezane kukibeba. Fataki za Idi zipigwe mbali. Mnunuzi anayetaka kumpapasa mama nyonga aje siku nyengine. Na siku ya kuchinja, mwenziwe achinjiwe mahali ambapo yeye haoni wala hanusi damu.