Sala, dua au maombezi? Anza na kitenzi

Juzi hapa Bukavu nilipewa tangazo la kanisa nilitafsiri kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, na neno "prière", ambalo laweza kuwa lolote kati ya hayo matatu, likanikwamisha mara nne. Dawa yake: tafuta kitenzi kwanza, jina litakuja lenyewe. Mtu anasali? Andika sala. Anaomba kitu fulani, kazi au afya? Ni ombi, au dua. Anamwombea mgonjwa? Ni maombezi, kwa sababu ile -ea ya "ombea" imekwisha kumwingiza mtu mwingine. Ndiyo maana 1 Timotheo 2:1 inapanga dua, sala, maombezi na shukrani mstari mmoja bila kujirudia. Kwa ndugu zetu Waislamu tofauti ni kali zaidi: swala za faradhi ni tano kwa siku, tena kwa udhu, dua mtu huomba saa yoyote. Usiwachanganyie. Panapogoma ni kwenye "maombi". Huku kwetu neno hilo ni mkutano wenyewe: "mama ameenda ku maombi" haikuambii anaomba nini wala anamwombea nani. Hapo soma sentensi inayofuata, au muulize aliyeandika.