Namna ya kuandika maisha ya mwenye gazeti aliyeingia bungeni

Ukitaka kuandika maisha ya mwenye gazeti aliyekuwa mbunge Marekani, anzia pale aliposhika kazi zote mbili kwa pamoja. Utazame alichapa nini huku akila posho ya bunge. Mimi namchukua Horace Greeley, maana sijaona mwingine anayeonyesha jambo hili waziwazi kama yeye.

Utotoni usikae. Alizaliwa Amherst, New Hampshire, mwaka 1811, akajifunza uchapaji Vermont, akafika New York mwaka 1831. Miaka 10 baadaye akaanzisha New-York Tribune, nakala senti moja.

Sasa tulia. Desemba 1848 aliingia Baraza la Wawakilishi kujaza nafasi iliyokuwa wazi, na Machi 1849 muda wake ukaisha. Miezi mitatu hiyo ndiyo sura yako kuu. Wakati huo mbunge alilipwa dola 8 kwa kila maili 20 za safari, kwa njia inayotumiwa kwa kawaida, na wengi walihesabu njia ya kuzunguka. Greeley akaagiza hesabu zipekuliwe, kisha Tribune ikachapa orodha: jina la mbunge, maili alizolipwa, maili za njia fupi ya posta, na dola zilizozidi. Abraham Lincoln, mbunge mwenzake wa chama cha Whig aliyekuja kuwa rais, naye alikuwemo. Greeley hakuwaita wezi. Aliandika kwamba sheria haikuvunjwa, na kwamba hiyo sheria ndiyo ya kubadilishwa. Namheshimu sana kwa uangalifu huo, na wewe usiuache nje kwa kutafuta kisa kikali zaidi.

Soma Tribune ya Desemba 1848, ambayo Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka mtandaoni bure, sambamba na Congressional Globe, kumbukumbu za mijadala za enzi hizo. Upande mmoja utaona orodha, upande wa pili hasira za wabunge wenzake, kwa tarehe zake. Kitabu chake cha kumbukumbu, cha 1868, kifungue mwisho, kwa sababu kiliandikwa miaka 20 baadaye na mtu anayejitetea.

Usisahau mswada wake wa kuwagawia walowezi ardhi ya umma. Haukupita, lakini sheria ya namna hiyo ilitiwa saini mwaka 1862, na aliyeitia saini ni Lincoln yuleyule wa kwenye orodha. Uchaguzi wa urais wa 1872, ambao Greeley alishindwa na Rais Ulysses Grant wiki chache kabla ya yeye Greeley kufariki, uupe aya moja.